Nani Anamlilia Buku?

Jumamosi iliyopita mashine ya kinyozi wangu ilinyamaza huku nusu ya kichwa changu ikiwa bado na nywele. Stima haikuwa imepotea. Kinyozi mwenyewe ndiye aliyeizima, apate kubishana vizuri. Kwenye televisheni iliyotundikwa juu ya kioo palikuwa na Breaking Bad, tamthilia ya Marekani iliyokwisha 2013 lakini huku mtaani Umoja, Nairobi, bado inazunguka kwenye flashi kama iliyotoka jana. Walter White, mwalimu wa kemia aliyepata saratani akaanza kupika dawa za kulevya, amesimama kando ya kitanda. Jane, mpenzi wa kijana anayefanya naye kazi hiyo, amelala chali, dawa imemlewesha, anapaliwa na matapishi yake. Walter ananyoosha mkono, kisha anaurudisha. Anamtazama mpaka anakata roho.

"Sasa angefanya nini?" akauliza kijana aliyekuwa akingoja zamu yake. "Huyo dem alikuwa ashaanza kumtishia. Angemchoma kwa polisi."

Mama mmoja aliyemleta mwanawe kunyolewa hakuinua hata macho kwenye simu yake.

"Angemlaza ubavu," akasema. "Basi."

Wakabishana hadi kichwa changu kikapoa. Kijana alisema Walter anatafutia watoto wake, na nani kati yetu hajafanya jambo la aibu kwa sababu ya karo? Kinyozi akasema hata yeye angemuua yule msichana, halafu akacheka, halafu akasema hapana, hangeweza. Mama alirudia lile lile: ubavu. Mtoto akipaliwa unamlaza ubavu, hata kama mamake ni adui yako.

Ubishi huo una sura mbili, na zote mbili nazijua. Upande mmoja unasema tamthilia hizi za uhalifu zimekomaa: hazitupi tena malaika na shetani, zinatupa watu. Upande wa pili unasema zinatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: tunadhani tunaelimishwa, kumbe tunazoeshwa uovu kidogo kidogo hadi hautushtui.

Wanaosema kumpenda mhalifu ni ugonjwa ulioletwa na Netflix wamemsahau Sungura. Katika hadithi moja ya pwani, Sungura anamwalika Buku, yule panya mkubwa, wakale asali iliyo ndani ya mbuyu, akidai ni urithi wa babake. Mwongo. Mbuyu ni wa Simba. Simba anapowafuma wakiwa juu, Sungura anamwambia Buku amvingirishe kwa nyasi amtupe chini. Buku anatupa, Sungura anachomoka na kutokomea, na Buku anaishia tumboni mwa Simba. Nimeisimulia hadithi hii mara nyingi, na watoto hucheka palepale Sungura anapotimua mbio. Sijasikia hata mmoja akiuliza kama Buku alikuwa na watoto.

Sisi basi si wageni wa jambo hili. Tofauti ni kwamba Sungura alichukua dakika kumi na Walter alichukua vipindi 62. Ukikaa na mtu muda huo wote unajua anavyopiga chafya. Mtu uliyemzoea hivyo, kumhukumu ni kazi.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa rahisi. Rika langu linamkumbuka Derrick, mpelelezi wa Kijerumani mwenye miwani na koti, aliyetatua kesi katika vipindi 281 kati ya 1974 na 1998 bila kupandisha sauti. Hakuwa na doa. Mwaka 2013, mwigizaji wake Horst Tappert akiwa ameshafariki, ikafichuka kwamba ujanani alikuwa katika Waffen-SS, jeshi la chama cha Hitler. Mhusika alikuwa msafi kuliko aliyemwigiza. Nafikiri hapo ndipo wahusika wasiokuwa na doa waliponitoka moyoni kabisa. Si kwa sababu wao ni wabaya, bali kwa sababu hawanisaidii kumwelewa mtu yeyote ninayemjua.

Waliobadilisha mchezo ni watengenezaji wa The Sopranos, 1999. Katika kipindi cha tano tu, Tony Soprano, bosi wa genge, anampeleka bintiye kutembelea vyuo vikuu. Njiani anamwona mtu aliyewahi kulisaliti genge na kujificha. Anamfuata, anamnyonga, kisha anarudi kumchukua mtoto. Mkuu wa kituo cha HBO aliogopa watazamaji wangemkimbia Tony. Mtunzi, David Chase, akashikilia kwamba bosi wa genge akimwacha msaliti atembee, hakuna atakayemwamini tena kama jambazi. Chase alishinda. Watazamaji hawakukimbia, na tangu siku hiyo hawajakimbia.

Upande wa utetezi una hoja nzito, na The Wire, iliyoonyeshwa 2002 hadi 2008, ndiyo shahidi wake bora. Iliandikwa na David Simon, aliyekuwa mwandishi wa habari Baltimore, pamoja na Ed Burns, aliyekuwa mpelelezi wa mji huohuo. Mhusika anayependwa humo kuliko wote ni Omar, jambazi anayewaibia wauza dawa peke yao na hamgusi raia. Akiwa kizimbani, wakili wa wauza dawa anamsimanga kwamba ananyonya damu ya biashara haramu. Omar anamjibu, kwa maana, kwamba hata wewe: mimi nina bunduki, wewe una mkoba, mchezo ni mmoja. Mkenya yeyote aliyefuatilia kesi ya ufisadi ikiahirishwa mwaka baada ya mwaka hahitaji kutafsiriwa maneno hayo.

Na Nairobi, bila kuingia kwenye televisheni, inatufundisha kwamba mwizi ana mama. Kijana aliyekuwa akinibebea mtungi wa gesi hadi orofa ya nne alikamatwa na umati stejini akiwa na simu tatu zisizo zake. Nilifika wakati ameshavuliwa viatu. Mamake alikuja mbio, leso imefungwa ovyo, akawa anawaita waliokuwa wakimpiga kwa majina, mmoja mmoja, kwa sababu aliwajua tangu wakiwa wadogo. Ndiyo majina hayo yaliyomwokoa; mtu akiitwa kwa jina mkono wake huwa mzito. Mimi mwenyewe wiki hiyohiyo nilikuwa nimechomolewa simu ndani ya matatu. Sikujua nimwonee huruma nani, na mpaka leo sijaamua. Tamthilia inayoniambia niamue haraka inanidanganya. Ndiyo maana Nairobi Half Life ya 2012, ingawa ni filamu na si tamthilia, ilitugusa vile: Mwas anaingia mjini akitaka kuwa mwigizaji, anaibiwa siku ya kwanza, na baada ya muda ndiye anayefungua vioo vya magari ya watu.

Lakini kueleweka si kusamehewa, na hapa ndipo upande wa pili unaponishika shati. Kamera ina upendeleo. Yule inayemfuata nyumbani ndiye tunayemwonea huruma. Tazama Money Heist ya Uhispania, ambayo mmoja wa wezi wake anaitwa Nairobi (tulilipokea jina hilo kama mualiko wa harusi). Katika wizi wa kwanza, Berlin, kiongozi wao ndani ya jengo, anamtumia mateka mmoja, Ariadna, kimwili, naye anakubali kwa kuogopa kufa. Kamera ilipita hapo kwa haraka, ikarudi kwa Berlin akiwa amevaa vizuri na kuimba vizuri. Mwisho wa 2023 Berlin akapewa tamthilia yake mwenyewe, yenye mapenzi na Paris. Ariadna ni Buku. Ameliwa, na hadithi imeendelea.

Au mtazame mke wa Walter, Skyler. Kosa lake kubwa ni kumwuliza mumewe alikolala na pesa zinatoka wapi. Chuki aliyopata ilifurika hadi mwigizaji wake, Anna Gunn, akaandika makala katika New York Times mwaka 2013 kujaribu kuielewa. Mume anaua, mke anauliza, anayechukiwa ni mke. Hilo si kosa la watunzi peke yao. Kwenye kipindi cha mwisho walimfanya Walter akiri kwa mkewe kwamba hakuifanya kazi ile kwa ajili ya familia, aliifanya kwa sababu aliipenda na alikuwa hodari. Kijana wa kwa kinyozi ameitazama tamthilia hiyo mpaka mwisho, kwa kauli yake mwenyewe, na bado ananiambia Walter alikuwa akitafutia watoto.

Hata hivyo, mjadala wetu humwogopa mtu asiye sahihi. Wazazi na wachungaji wanahofia jambazi anayependeza. Mimi namhofia afande anayependeza. Jambazi wa kwenye skrini, hata tumpende vipi, tunajua anavunja sheria. Polisi anayepiga washukiwa, anayetunga ushahidi, anayeua "kwa sababu mahakama zimeoza", huyo tunatoka naye kwenye skrini hadi barabarani, na barabarani kuna bunduki ya kweli.

Nairobi ilikuwa na mhusika wa namna hiyo kabla tamthilia hazijamvumbua. Patrick Shaw, Mzungu mwenye mwili mkubwa, alikuwa afisa wa polisi wa akiba. Mchana alifanya kazi Starehe Boys' Centre, shule iliyoanzishwa 1959 kuwapa elimu watoto wasiokuwa na kitu. Usiku aliwasaka majambazi mjini, na majambazi wengi hawakufika kortini. Alifariki 1988 na bado wazee wanamsimulia kwa sauti mbili: wengine kama baba aliyewalea, wengine kama kifo kilichoendesha gari. Sitaki mtu anipunguzie Shaw awe kitu kimoja. Ila naona kwamba katika masimulizi ya mtaani, vijana aliowapiga risasi hutajwa kwa idadi, si kwa majina, isipokuwa wale waliokuwa majambazi mashuhuri.

Machi 2017 ilisambaa video ya mtu aliyevaa kiraia akimpiga risasi kijana aliyelala chini, mchana kweupe, Eastleigh, watu wakitazama. Nakumbuka nilivyosoma maoni mtandaoni. Makofi yalikuwa mengi, na sikushangaa, kwa sababu waliopiga makofi wengi wao walikuwa wameibiwa. Mwaka mmoja kabla yake, Juni 2016, wakili Willie Kimani alikuwa ameuawa pamoja na mteja wake, Josephat Mwenda, mwendesha bodaboda aliyemshtaki polisi kwa kumpiga risasi. Polisi huyo alihukumiwa kifo Februari 2023 na wenzake wakapewa vifungo. Aliuawa pia dereva wa teksi aliyewabeba kutoka kortini, Joseph Muiruri. Kosa lake lilikuwa kupata abiria.

Ndio sababu The Shield, iliyoanza 2002, naiheshimu zaidi ya nyingine nyingi za polisi. Vic Mackey anamuua polisi mwenzake katika kipindi cha kwanza kabisa, ili tusije tukasema hatukuambiwa. Baada ya hapo anatupendeza kwa misimu saba, anakamata wabaya, anapenda wanawe. Mwishoni hapigwi risasi kishujaa. Anakiri yote chini ya mkataba wa kutoshtakiwa, anapoteza familia, anaachwa ofisini na suti, dawati na ripoti za kuandika. Adhabu hiyo ni ndogo sana kwa aliyoyafanya, na udogo wake ndio unaouma.

Kwetu, Crime and Justice ya 2021 ilijaribu njia hiyo ikiwa na wapelelezi wawili wa Nairobi, Makena na Silas, walioigizwa na Sarah Hassan na Alfred Munyua. Nilifurahi kuona kituo cha polisi chenye watu ndani badala ya vichekesho tu. Nilitamani kukaa zaidi na familia za waliouawa.

Kwa hiyo nikiulizwa niko upande gani, mizani yangu inaegemea kwa wahusika wenye giza, kwa sharti la Buku. Sijali mhalifu anapendwa kiasi gani. Najali kama aliyeumizwa naye ana jina, ana nyumba, ana mtu wa kumwulizia. Nilidhani kigezo hicho kinatosha. Kisha nikakumbuka kwamba Breaking Bad inakitimiza. Jane ana baba, mtu wa kuongoza ndege kwa redio zisigongane. Anarudi kazini akiwa na huzuni ya mwanawe, anachanganya ndege mbili angani, watu 167 wanakufa. Msimu mzima watunzi walikuwa wakituonyesha dubu wa kuchezea, wa rangi ya waridi, akielea kwenye bwawa la kuogelea, na hatukujua alikotoka. Alianguka kutoka kwenye ndege hizo. Watunzi walimlilia Buku kwa sauti kubwa kadiri televisheni inavyoweza.

Nikamwambia hivyo yule kijana, nikiwa bado na nusu ya nywele. Nikamwuliza alionaje babake Jane.

"Huyo mzee wa ndege?" akasema. "Hizo sehemu zilikuwa zinavuta sana. Nilipeleka mbele."

Mama akamtazama kwa mara ya kwanza. Kinyozi akawasha mashine.