Mwenye orodha hatukanwi

Wiki iliyopita kwenye grupu letu la wasap, lile la tuliosoma pamoja, mtu alirusha kipande cha video. Dada mmoja, sidhani kama hata miaka thelathini anafika, amesimama kwenye mkutano wa kata anaeleza habari za mradi wa maji uliokwama. Anaongea vizuri. Ana tarehe, ana kiasi cha fedha kilichotolewa, ana jina la mkandarasi. Jibu la kwanza kwenye grupu: "Huyu ni wa nani?" La pili: "Wa mheshimiwa, anakula kwa mrija." La tatu lilikuwa stika ambayo siwezi kuielezea hapa kwa sababu mama yangu mdogo anasoma blogu hii.

Nikauliza: na maji je? Kimya. Nikauliza tena, safari hii kwa ukali, kama kuna yeyote angeuliza "ni wa nani" endapo aliyesimama pale angekuwa mwanaume. Hapo ndipo akaibuka kaka mmoja, yuleyule wa stika, kijani wa kutupwa, yaani CCM damu, akaandika: "Mbona nyie makamanda mlipokuwa mnawaita akina Halima malaya hamkuona ubaya?"

(Makamanda ndio sisi wa upande wa CHADEMA, na Halima ni Halima Mdee, mwanasiasa wa chama hicho nitakayemfikia chini.) Mjadala ukafa palepale. Dakika mbili baadaye admini akaweka tangazo la mchango wa harusi.

Nimekaa na sentensi ile siku kadhaa na bado inaniwasha. Inaniwasha kwa sababu ni ya kweli. Na inaniwasha zaidi kwa sababu yule kaka hakuiandika ili kumtetea Halima, wala dada wa video, wala mwanamke yeyote aliyepo duniani. Aliiandika ili stika yake ibaki salama.

Haya, tukumbushane. Mei 2016, Dodoma. Mbunge wa Ulanga kwa tiketi ya CCM, Goodluck Mlinga, anasimama ndani ya Bunge la Jamhuri na kusema kwamba mwanamke wa CHADEMA hapati viti maalumu mpaka awe "baby" wa mtu. Kwenye kiti yuko Naibu Spika, Tulia Ackson, mwanamke mwenzao. Wabunge wanawake wa upinzani wakanyanyuka wakatoka nje. Sisi tuliokuwa upande wao tulichemka, na tulikuwa na haki ya kuchemka. Makada wa CCM niliokuwa nao ofisini walicheka wiki nzima, na mmoja aliniambia kwa upole kabisa, "Dada yangu, ukweli unauma."

Mwaka huohuo, na hili huwa nalikumbuka kila mtu anapoanza kuniimbia habari za sheria na maadili, kijana mmoja wa Arusha alipandishwa kizimbani kwa kuandika Facebook kwamba Rais Magufuli ni bwege. Faini milioni 7 au jela miaka mitatu. Kwa hiyo bei tunaijua. Bwege mmoja, milioni 7. Wanawake wa chama kizima kuambiwa wameingia bungeni kwa kulala na watu, bure.

Sasa njoo Novemba 2020. Wanawake 19 wa CHADEMA wanaapishwa na Spika Ndugai tarehe 24 kuwa wabunge wa viti maalumu, chama kinasema hakikupeleka jina la mtu, na tarehe 27 wanafukuzwa uanachama. Niseme wazi nilipo: naamini walikosea, na mpaka leo hakuna aliyenishawishi vinginevyo. Katibu Mkuu anasema hakusaini orodha, Tume ya Uchaguzi inasema orodha imeipata. Mmoja wao, Nusrat Hanje, alikuwa mahabusu Singida, katoka, na papo hapo yuko Dodoma ameshika kitabu kitakatifu anaapa. Yaani pale palikuwa na maswali ya kumfanya mwandishi wa habari mvivu kuliko wote nchini aamke usiku. Nani aliandika yale majina? Nani alisaini? Mashtaka ya mtu yanayeyukaje kwa wakati mzuri kiasi kile?

Unajua sisi tuliuliza nini? Tuliuliza wamelala na nani.

Watu walewale waliomlaani Mlinga. Nina uhakika kwa sababu wengine ni rafiki zangu na simu zao ninazo. Kurasa zilezile zilizoandika "heshima kwa mama zetu" mwaka 2016 zilijaa picha za akina mama walewale zikiwa zimechorwachorwa, na maandishi ambayo Mlinga mwenyewe angeona haya kuyasoma kwa sauti. "Covid-19", kwa kuwa walikuwa 19 mwaka wa korona, lilikuwa jina la kejeli na lilinichekesha, sikatai, lile ni tusi la siasa na mwanasiasa alibebe. Lakini baada ya Covid yakafuata mapaja, ikafuata nani hana mume, nani hajazaa, nani alionekana hoteli gani.

Na tazama walikuwa akina nani. Halima Mdee alishinda Kawe kwa kura za wananchi mara mbili, 2010 na 2015. Julai 2017 alikamatwa kwa kumpinga Magufuli, pale rais alipotangaza kwamba binti akipata mimba shule ndiyo basi. Ester Bulaya alimwangusha Stephen Wasira wa CCM Bunda Mjini, Wasira huyuhuyu mnayemjua. Esther Matiko alikaa gereza la Segerea zaidi ya miezi mitatu, yeye na Mbowe, mwenyekiti wa chama wakati huo, kwa kesi moja. Watu hawa walilala sakafuni gerezani kwa ajili ya chama. Ukitaka kumwita mtu wa namna hiyo msaliti, mwite, una hoja, na hoja hiyo ni nzito kwa sababu ya historia yake. Ukimwita malaya umeitupa historia yote ukabaki na mwili tu. Kumbe ndivyo ulivyomwona siku zote, hata alipokuwa Segerea?

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana sioni mtu wa upande wowote anakaa hapa.

Viti maalumu, wote tunajua vinavyopatikana. Katiba inataka wanawake wasipungue asilimia 30, Tume inagawa nafasi kwa kura za vyama, chama kinaleta majina. Kabla ya jina kufika huko linapita kwenye jumuiya ya wanawake, linapanda vikao, linashuka, linarudi juu, na mwisho wa safari kuna watu wachache wenye kalamu. Namba tatu anaweza kuwa namba kumi na tatu kati ya saa nne usiku na alfajiri. Nimesikia masimulizi ya usiku huo kutoka kwa wanawake wa vyama viwili tofauti, na ningefunika majina ya vyama usingejua yupi ni yupi.

Sasa chukua maneno ya Mlinga uyaamini neno kwa neno, hata kama hayakuwa na ushahidi. Tuseme kweli kuna mwanamke aliambiwa jina lako halipandi mpaka... Hilo linaitwa rushwa ya ngono, liko kwenye sheria ya TAKUKURU ya mwaka 2007, kifungu cha 25, na mkosaji wa kifungu hicho ni mwenye mamlaka anayedai. Ni mwenye orodha. Yaani mbunge alisimama akadai mbele ya taifa kwamba kuna kosa la jinai linafanyika kila uchaguzi, na hakuna hata mmoja katika ukumbi ule aliyesema, taarifa Mheshimiwa Naibu Spika, tutajie huyo bwana. Walichekwa wanaodaiwa kutendewa. Anayedaiwa kutenda hakupewa hata jina la utani.

Ndivyo tusi hili linavyofanya kazi, na ndiyo maana pande zote zinalipenda. Linamwacha mwenye kalamu amekaa zake. Kijani akiwatukana wanawake wa upinzani hagusi mfumo ambao nyumbani kwake uko vilevile. Kamanda akiwatukana wale 19 hamuulizi aliyewaandika. Tulitumia mwaka 2021 mzima kuchambua miili ya watu kumi na tisa, wao wakaenda mahakamani, wakakaa bungeni mpaka Bunge likavunjwa 2025, na aliyeandika ile orodha, kama yupo, hajawahi kupata hata stika moja.

Msinielewe vibaya, mimi si mtu wa kuomba siasa za sebuleni. Ni mtu wa Tanga, bibi yangu alikuwa na khanga ya kumjibu kila jirani na hakuwahi kunyanyua sauti. Kutukanana kuna raha yake. Mwite waziri mzembe, mwite mbunge bubu, mwambie jimbo lake limeota majani. Mwanamke aliyeingia siasa anastahili vyote hivyo kwa kipimo kilekile, na asitoke nje akilia.

Maana huko nako kuna ujanja wake. Chawa wa Mama, yaani wapambe wa Rais Samia, siku hizi wamekuwa watetezi wakubwa wa haki za wanawake, hongereni sana. Ukiuliza habari za bandari, unamdhalilisha mwanamke. Ukiuliza deni la taifa, mfumo dume unakusumbua. Agosti 2021, Ikulu, kwenye hafla ya kuwapongeza vijana wa kiume wa mpira, Rais Samia mwenyewe alisema wachezaji wa kike wana vifua vya "flat", ukiwaona unaweza kudhani ni wanaume. Wanawake wa upinzani walipopinga, hao watetezi walituambia Mama aliongea kama mzazi. Na Juni ya mwaka huohuo mbunge wa Momba, wa CCM, mwanamke, alitolewa ukumbini kwa sababu ya suruali, baada ya mbunge mmoja mwanaume kuomba mwongozo wa Spika kuhusu mavazi ya wenzake. Watetezi walikuwa wapi? Labda mtandao ulikata.

Lakini na sisi tusijifanye. Rais ana mengi ya kujibu na sitayapunguza. Tundu Lissu wa CHADEMA alifunguliwa kesi ya uhaini Aprili 2025. Oktoba 29, siku ya uchaguzi, watu walipigwa risasi mitaani, intaneti ikazimwa, halafu tukatangaziwa ushindi wa karibu asilimia 98. Kuna mama hajui mwanawe amezikwa wapi. Na mtu, mbele ya jambo zito namna hiyo, anachagua kuandika: "Ndiyo matatizo ya kuongozwa na mwanamke, arudi Kizimkazi akapike." Nimeiona kwa watu wenye shahada. Nimeiona kwa mtu anayejiita mwanaharakati.

Januari 2001 polisi waliwaua waandamanaji wa CUF, chama cha upinzani, Zanzibar. Rais alikuwa Mkapa. Sikumbuki mtu hata mmoja, Pemba wala bara, aliyesema hayo ndiyo matatizo ya kuongozwa na mwanaume. Mkapa alilaumiwa kama rais, polisi kama polisi, na hivyo ndivyo lawama inavyokuwa na uzito. Ukimlaumu Samia kwa jinsia yake umempa mlango wa kutokea. Kesho atasimama mbele ya wageni aseme wanampinga kwa sababu ni mwanamke, na atakuwa na picha za skrini za kuonyesha. Zako.

Kuna rafiki yangu alisoma rasimu ya makala hii akaniambia nawasawazisha wasiolingana. Anasema CCM wana dola, wana Bunge, wana polisi, sisi tuna simu tu, kwa hiyo tusi la Mlinga ndani ya ukumbi wa Bunge haliwezi kulinganishwa na tusi la kijana wa Mbagala mwenye bando la mia tano. Nakubali, shingo upande. Halilingani. Mlinga alikuwa analipwa na kodi yangu, kiti kilichomlinda ni changu, na yule kijana akiteleza kidogo sheria ya mtandao inamsubiri. Lakini kwa dada wa video sijui tofauti hiyo inamsaidia nini. Yeye amesikia "huyu ni wa nani" kutoka pande zote mbili, kwa lafudhi ileile, na hajui hata ajibu kwa kadi ipi.

Na ndiyo maana hili swali la "mbona nyie" limenichosha. Lina haki ya kuulizwa, lakini liulizwe na mtu aliyekuja kusaidia kuzima moto. Kaka yangu wa kwenye grupu, kama kweli yaliyowapata akina Halima yalikuuma, karibu, tena utanikuta mlangoni, na majina ya makamanda waliotukana nitakutajia mwenyewe bila kuombwa mara mbili. Ila hukusema neno 2016. Hukusema 2020. Umekuja kusema wiki iliyopita, siku uliyoshikwa na stika mkononi.

Nimerudi kwenye grupu nikauliza tena kuhusu mkandarasi wa maji. Nimeambiwa nisilete siasa, watu wanajadili harusi.