Fundi Yuko Hapa Hapa Vihiga

Kila mwaka kati ya Juni na Agosti, shule za Marekani zikiwa zimefungwa, vituo vya misheni huku Magharibi mwa Kenya hupokea vikundi vya waumini kutoka ng'ambo wanaokuja kupaka rangi, kubadilisha mabati na kuchimba misingi. Wanakuja na moyo safi, hilo sina shaka nalo. Wengi wamechangisha pesa kwa miezi ili wapate nauli. Lakini siwezi kuendelea kunyamaza. Nyumba ya misheni ikihitaji kukarabatiwa, kazi hiyo ni ya mafundi wa hapa, na familia ya wamisionari inayoishi ndani yake ndiyo inayopaswa kuyaambia hivyo makanisa yaliyoituma.

Nasema haya nikiwa jirani. Karibu na kwetu kuna familia ya Kimarekani iliyopewa nyumba ya zamani ya misheni, ya matofali ya kuchoma, baraza pande tatu, paa la mabati lenye mteremko mkali, sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo za mawe. Nyumba ilikaa miaka bila mtu. Walipofika, paa lilikuwa linavuja, popo wamejaa darini, na mchwa wamepanda ukutani hadi kwenye fremu za milango. Tangu siku hiyo wanaishi ndani ya mjengo.

Anayedhani umisionari ni mahubiri matupu aje aone asubuhi yao. Saa kumi na mbili mama yuko jikoni, gesi upande mmoja, ndoo za maji ya mvua upande wa pili kwa sababu bomba la ndani bado halijaunganishwa. Watoto wote wanalala chumba kimoja kwa kuwa vingine havina dari. Baada ya chai wanasomea mezani pale pale mpaka mchana, vumbi la saruji likiingia kwenye madaftari. Kabla ya saa mbili mtu ameshapiga hodi. Mara ni mama anayetafuta nauli ya kumpeleka mtoto hospitali, mara ni mzee wa kanisa aliyeleta mkungu wa ndizi na hana haraka ya kuondoka. Baba anafundisha masomo ya Biblia, na alasiri anarudi mbio kuwahi mvua, kwa maana huku Vihiga mvua ya saa tisa haihitaji kutabiriwa. Jumamosi ni soko la Chavakali kutafuta misumari na mboga, na vifaa vikubwa wanavifuata kwenye hadiwea za Kisumu.

Lililonigusa zaidi ni chai ya saa nne. Kwetu mwenye mjengo huwapa mafundi chai, hiyo ni desturi. Mama huyu hakuituma birika nje akarudi ndani. Alianza kukaa nao barazani, na hapo ndipo Kiswahili chake kilipokomaa kuliko darasa lolote. Pale ndipo alipojua nani amefiwa, mtoto wa nani ameitwa shule ya upili na karo haijapatikana, na nani hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Siku hizi akienda matangani anaenda kama mtu anayemjua marehemu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi naona hapa mgeni naye amepona. Kikundi cha wiki mbili kingeifanya kazi ile ile, kupiga picha na kupanda ndege, na familia hii ingebaki na kuta nzuri bila majirani.

Halafu kuna suala la ujuzi wenyewe. Fundi mkuu pale ni mzee aliyeanza kubeba kokoto akiwa kijana. Siku ya kwanza hakugusa nyundo. Alipanda darini na bisibisi, akawa anagonga kenchi moja baada ya nyingine kwa mpini, anasikiliza, kisha anachoma kwa ncha. "Huu umekufa," anasema, na kijana wake anatia alama ya chaki. "Huu mzima, usiuguse." Mbao nyingi za mikaratusi zilizopachikwa miaka ya karibuni zilikuwa zimeliwa hadi zikabaki ganda. Fremu za madirisha za mvule, zilizowekwa tangu mwanzo, zilikataa hata ncha ya bisibisi kuingia. Kama si yeye, zingeng'olewa zote na kutupwa, kwa sababu kwa macho zilionekana chakavu.

Mchanga nao aliupima mbele ya baba wa nyumba. Alichukua chupa ya plastiki, akaijaza mchanga nusu, akaongeza maji, akaitikisa na kuiweka kwenye ngazi. Baada ya muda mchanga ulikuwa umetua chini na juu yake tabaka nene la matope. Lori zima likarudishwa. Mchanga wa namna hiyo haushikani vizuri na saruji, na plasta yake hupasuka mapema.

Jambo la plasta ndilo linaloniuma. Zamani, kabla ya familia hii, watu waliojitolea kutoka nje waliwahi kuzipiga kuta za nyumba hiyo plasta ngumu ya saruji na kuzipaka rangi ya plastiki, ndani na nje. Matofali ya zamani ni laini, hunyonya unyevu wa ardhi na kuutoa kupitia ukutani. Ukiyafunika kwa saruji, unyevu hauna pa kutokea. Ukuta ulivimba, ukaota ukungu, na plasta ilipoanguka iliondoka na uso wa tofali. Fundi amelazimika kuibandua yote kwa patasi, pole pole, na kupiga upya kwa chokaa na mchanga. Wale watu hawakuwa na nia mbaya. Hawakukaa misimu miwili ya mvua wakaona kazi yao inavyofanya, basi. Fundi wa kijijini anapita njia hiyo kila Jumapili akienda kanisani. Kazi yake ikiharibika, ataulizwa.

Na huku kwetu, zaidi ya mahali pengine, hoja hii ina mizizi. Mwaka 1902, muda mfupi baada ya reli kufika Kisumu, Wamarekani watatu wa dhehebu la Marafiki (Quakers), yaani Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walianzisha misheni ya Kaimosi. Tangu mwanzo waliiita misheni ya viwanda. Pamoja na Injili na kusoma, walileta mashine ya kupasua mbao na kufundisha useremala na ufyatuaji wa matofali. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi yoyote duniani, na ufundi ule umepita kutoka baba hadi mwana kwa zaidi ya miaka mia moja. Sasa mtoto wa kanisa hilo hilo anaposimama nje ya ua akimtazama mwanafunzi wa chuo kutoka ng'ambo akijifunza kushika mwiko kwa mara ya kwanza kwenye ukuta wa misheni, anaambiwa nini kuhusu urithi wake?

Tuzungumze pesa pia. Nauli ya mtu mmoja kutoka Marekani na kurudi hupita shilingi 100,000 kwa urahisi. Watu kumi ni zaidi ya milioni moja, kabla hawajala wala kulala. Vihiga, kwa sensa ya 2019, ilikuwa na zaidi ya watu 1,000 katika kila kilomita ya mraba. Mashamba yamegawanywa hadi yamebaki vipande, na kijana asiye na kibarua hana pa kurudi kulima. Hapa siku ya kazi ni unga, ni karo, ni dawa ya mzazi. Kwenye nyumba ya jirani zangu yupo msichana aliyesomea uplamba katika chuo cha ufundi na hakuwa amepata kazi. Mabomba ya jiko anayaunganisha yeye, na watoto wa nyumba wanamfuata kila anapokwenda.

Wapo watakaoniambia mafundi wetu hula pesa ya malipo ya awali na kutoweka, au huchota saruji. Wapo wa namna hiyo, nakubali. Tiba yake tunaijua sote tuliowahi kujenga: andikianeni, lipa kwa hatua kazi inapokamilika, nunua vifaa mwenyewe, uliza alijenga wapi kabla yako na uende ukaangalie. Kanisa la mahali lina wazee wanaomjua kila fundi mpaka babu yake. Waulizwe.

Kuna kazi moja ambayo hata fundi wangu mpendwa asiiguse hivi hivi, nayo ni paa la asbestosi. Kanuni za Kenya zinaihesabu kuwa taka hatari, na kuiondoa kunahitaji watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Mwanafunzi mwenye glavu za bustani hafai kabisa kuwa juu ya paa hilo.

Wageni waje, ndiyo. Waje wakae barazani, wale ugali na mrenda, wafundishe kama wana la kufundisha, waombe na watu, waende matangani. Jirani zangu wameshaliandikia kanisa lao. Wameomba kikundi cha Agosti kiwe cha watu wachache na kazi yake iwe kutembelea, na pesa ya nauli iliyookolewa inunue mabati ya geji 28 na kuwalipa fundi, vijana wake na yule plamba. Paa la nyuma litaanza Januari kukiwa kukavu, na fundi amesema mitaro ya maji na tanki viwe vimefungwa kabla ya mvua za Machi.