Hedigia ya mtoto: tazama kwanza kitanda anacholala

Mzazi wa Mtwara au Lindi akiambiwa mwanawe mwenye meno ya juu yaliyotokeza avae hedigia, kile chuma cha kupangia meno kinachoshikiliwa na mkanda wa shingoni au kichwani, namwomba asilipe siku hiyohiyo. Arudi nyumbani atazame mtoto analala wapi, na analala na nani.

Kazi kubwa ya kifaa hiki ni usiku. Chuma kinachomekwa kwenye vibomba vidogo vilivyogandishwa kwenye magego ya juu, mkanda unavuta kwa nyuma, na taya la juu linazuiwa wakati la chini likiendelea kukua. Kwa kawaida huvaliwa saa 12 hadi 14 kwa siku. Kikishinda na kulala kabatini, meno hayasogei.

Sasa wapo watoto watatu kitanda kimoja, chandarua kimechomekwa. Mdogo akikivuta kile chuma kisha akakiachia, mkanda unakirudisha kwa nguvu, na ncha zilizokuwa mdomoni zinaweza kuchoma jicho zikiwa na bakteria wa kinywani. Ajali za namna hiyo zimeandikwa na madaktari, na wapo waliopoteza jicho. Ndiyo maana hedigia salama ina mkanda unaofyatuka wenyewe, yaani unaachana na chuma, ukivutwa sana. Mwambie daktari akuonyeshe unavyofyatuka. Kama haufyatuki, usikubali mwanao avikwe.

Halafu pesa. Wengi wetu huku tunazishika korosho ikishapita mnadani, kuanzia Oktoba hivi. Meno hayana msimu: kifaa kinatakiwa kukaguliwa na kurekebishwa kila baada ya wiki kadhaa, kwa miezi mingi. Kama bingwa wako yuko Dar es Salaam, hizo ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara mjini, nauli ya watu wawili, na mtoto amekosa shule. Pesa ya kuanzia huwa haisumbui. Inayosumbua ni nauli ya Aprili.

Na haraka yenyewe mara nyingi haipo. Tafiti zilizolinganisha watoto walioanza matibabu kati ya miaka 7 na 11 na wenzao waliosubiri ujana zimeona kwamba mwishoni meno yao hayapishani sana. Faida iliyojitokeza kwa waliowahi ni kwamba meno yao ya mbele hayaumii sana kama ya wenzao. Kwa mtoto wa kuangukaanguka hiyo ni faida kubwa, na mzazi wake akiamua kuanza namuunga mkono. Wengine wanaweza kungoja waya za kawaida. (Taya la chini likitangulia la juu, hiyo ni habari nyingine, huyo awahishwe kabla ya miaka 10.)

Wakati wa kungoja, mtoto asaidiwe kuacha kunyonya kidole, maana kinaendelea kusukuma meno nje. Na ndugu waache kumwita "meno nje" mbele ya wageni. Anasikia, na ndiye atakayetakiwa kukubali kulala na chuma usoni.