Wageni wa Kuhesabiwa na Gari la Rimoti

Ukikutana na mtu anayeishi Moshi mwaka mzima, mpe pole. Watu wa Dar wanadhani tunafaidi, eti tunautazama mlima bure. Hawajui kwamba wao ndio msiba wetu. Kila Desemba wanapanda kuja kuhesabiwa, ndivyo tunavyoita kurudi nyumbani kula Krismasi, magari yamejaa mpaka juu ya keria, na ndani ya kila gari kuna mtoto mmoja aliyekumbatia kitu kinachowaka taa. Huyo mtoto akishuka, mimi nimekwisha.

Kelvin wangu ana miaka saba. Januari mpaka Novemba anasukuma tairi bovu la pikipiki kwa fimbo, ametulia kama mzee mwenye kihamba cha kahawa. Akija mtoto wa mama yake mkubwa na gari la rimoti, tairi linageuka takataka, na mimi nalifuata huko huko. Mwaka juzi aliniuliza mbele za watu, "Baba, kwani wewe Dar hupajui?" Aisee. Mimi naendesha bajaji, napajua Pasua, Majengo na KCMC. Dar ya nini?

Nikaenda dukani tarehe 22, kosa ambalo simwombei hata adui. Gari lile lile nililouliza Oktoba kwa 20,000 limeshavaa bei ya 38,000.

"Mangi, si ulisema ishirini?"

"Wakati ule hakukuwa na Sikukuu."

Nikajisemea, nitatengeneza mwenyewe. Sisi wakati wetu nani alitununulia gari? Tulichonga kwenye shina la mgomba, au tukakunja waya, matairi ya malapa, usukani mrefu mpaka kifuani. Nikakaa uani na koleo nusu siku. Likatoka gari la maana, Kelvin mwenyewe akacheka. Jioni Mama Kelvin akatoka na beseni la nguo mbichi, akasimama anatafuta kitu hewani. Waya ule, kumbe, ndio aliokuwa anaanikia. Mpya 6,000, na nguo zilizolala ndani zikanuka, zikafuliwa upya kwa sabuni yangu. Gari la bure hilo.

Nikahamia Memorial, kwenye mitumba. Hapo angalau nimejifunza kitu. Belo likifunguliwa asubuhi usisogee. Hapo wamejaa wanaochagua gredi ya kwanza, na muuza ana kiburi kama bwana harusi. Nenda saa kumi jioni, wakati anafikiria nauli na unga. Mdoli uliokuwa 7,000 unakuja kwa 2,500, na ukijifanya unaondoka anakufuata hadi kwenye bajaji. Halafu nenda na betri zako mfukoni na bisibisi ndogo. Jaribu pale pale, mbele yake. "Linafanya kazi hili, boss, weka tu betri" ni sentensi iliyonitia hasara mara tatu. Siku hizi pale wananiita Mzee wa Betri, na sioni aibu.

Hiyo bisibisi ina kazi nyingine ambayo siifanyii mzaha. Midoli midogo inayoimba ina betri zile bapa kama kifungo cha shati. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, ndani ya saa mbili tu inaweza kuwa imeshamuunguza. Kifuniko kisicho na skrubu mimi narudisha, hata nikipewa bure.

Nilichopatia kwelikweli ni matofali ya LEGO. Muuza aliyamwaga kwenye kiroba, akayaita "vipande vya plastiki", 3,000 kiroba kizima. Jirani yangu anayepandisha watalii mlimani ndiye aliyenifumbua macho: yale wanayoyatengeneza Denmark tangu mwaka 1958 yanabanana na ya mwaka huu bila shida. Kwa hiyo hakuna la kizamani, la mtumba ni sawa na la dukani. Nikayaosha kwa maji ya moto na sabuni, nikayaanika. Kelvin hajayachoka mpaka leo.

Kwa Glori, mdogo wake Kelvin, nikachukua mdoli anayesema. Nilimjaribu kwa betri zangu, akasema, nikalipa. Sikuuliza anasema nini. Ni Kijerumani. Baada ya wiki mbili mtoto wa miaka minne anaamka asubuhi anatuhutubia, na mimi na mama yake hatujui anasali au anatutukana. Tukampeleka kwa bibi yake Kibosho, bibi akamsikiliza kimya, akaingia ndani akatoka na rozari. Ilibidi nimtoe mdoli betri mbele ya bibi ili pepo limtoke.

Na hizo betri! Mdoli nimenunua mara moja, betri nanunua kama chumvi. Zikiisha naziweka juani, nazing'ata, nazigeuza. Rimoti ya televisheni yangu haijawahi kukaa na zake wiki nzima. Tunainuka na kubonyeza kwa kidole, kama enzi zile.

Basi mwaka huu nikasema akili ni mali. Februari, wazazi wote wako hoi kwa ada na madaftari, duka limebaki na midoli ya Krismasi imeshika vumbi, Mangi anapiga miayo. Nikalipata gari la rimoti, jipya, kwenye boksi lake, kwa 18,000. Nikaandika bei kwa kalamu chini ya boksi, ili Desemba nimwonyeshe Mama Kelvin ameolewa na mtu wa aina gani. Nikalificha juu ya silingibodi, nyuma ya mabati yaliyobaki. Miezi kumi nimetembea mjini na siri yangu, natabasamu peke yangu kwenye foleni ya abiria.

Tarehe 23 wakaingia. Shemeji akashuka, watoto wakashuka, mizigo ikashuka. Sikuwa na presha. Nikapanda kwenye silingi. Nikakuta mabati na kinyesi cha panya.

Nikashuka taratibu. Sebuleni shemeji ameshafungua begi. "Baba Kelvin, njoo uone nilichomletea mwanangu. Midoli siku hizi ghali, shemeji, hilo peke yake ni arobaini na tano."

Kelvin ananing'inia shingoni kwa mama yake mkubwa. Nikalipokea boksi, nikalipindua. 18,000. Mwandiko wangu, ile nane yenye mkia.

Agosti, Mama Kelvin alikwenda Dar kwenye ubatizo wa kichanga cha dada yake. Aliniambia zawadi ameshapata, nisihangaike. Nami nilimsifu kwa kubana matumizi.

Nikamtazama. Ghafla akakumbuka kuna ndizi jikoni zinaungua. Hatukuwa tumebandika ndizi.

"Asante sana shemeji," nikasema, "umejitesa."

"Usijali. Jogoo mmoja tu anatosha." Akacheka. "Ila halina betri, shemeji."

Mkono wangu ulikuwa umeshaingia mfukoni.