Maskati walinifundisha kungoja kupaka rangi

Geti la kwa mama pale Tanga nimelilipia rangi mara tatu ndani ya miaka sita. Mara ya mwisho nilikuwa likizo. Nikatoka nje saa moja na nusu asubuhi nikamkuta fundi ameshapitisha brashi ya waya juu juu, umande bado unang'aa kwenye vyuma, naye anakoroga redoksaidi, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, na thina kwenye kopo la maziwa. Nikamwambia, "Fundi, chuma bado kimelowa."

Akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyekaa sana Uarabuni. "Mjomba, rangi yenyewe itakikausha."

Nikanyamaza. Kabla sijaja Oman mimi mwenyewe ningesema vivyo hivyo.

Nilifika huku kama kibarua wa rangi kwenye mitambo ya kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa. Watu nyumbani hudhani vitu vya ng'ambo havishiki kutu kwa sababu ya hali ya hewa. Ulaya huko sijui, lakini Maskati? Bahari ni ile ile iliyokuwa ikileta majahazi Tanga kwa upepo wa kaskazi, chumvi ni ile ile, na joto ni kali kuliko letu. Kuanzia Juni hadi Agosti sheria inakataza kufanya kazi juani kuanzia saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu. Chuma kisicholindwa hapa kinaliwa haraka mno.

Mwaka wangu wa tatu kampuni ikanilipia kozi ya ukaguzi wa rangi za vyuma. Mwalimu alikuwa Mhindi wa Kerala, mpole, na siku tatu za kwanza hatukugusa brashi. Tulijifunza kutazama chuma. Kuna daraja za usafi zenye majina yake, Sa 2½ ndiyo tuliyoimba kama dua: chuma kimepulizwa mchanga hadi kinabaki cheupe, na vivuli vichache tu vya doa. Kisha chumvi, ambayo jicho haliioni. Unabandika kiraka kidogo cha mpira kwenye chuma, unakidunga maji safi kwa sindano, unayavuta na kuyarudisha, halafu unapima yanavyopitisha umeme. Chuma kinachoonekana kisafi kama sahani kinaweza kuwa kimejaa chumvi, na ukikipaka, rangi itavimba malengelenge kutoka chini. Siku ile nililikumbuka geti la mama.

Sheria iliyonigusa zaidi ni ya umande. Chuma lazima kiwe na joto nyuzi 3 au zaidi juu ya kiwango ambacho umande huanza kutua. Alfajiri moja kazini kipimo kilionyesha tofauti ya nyuzi 2. Watu arobaini, kompresa zinanguruma, rangi imeshachanganywa. Mkaguzi wetu Mfilipino, kijana mdogo kabisa, akafunga daftari akasema hapana. Msimamizi alifoka weee, lakini tukakaa chini mpaka saa mbili na nusu, na mshahara ukaingia kama kawaida. Ndoo mbili za rangi zikagandia ndani, zikatupwa. Sikuwahi kuona nyumbani mtu analipwa kusema "ngoja".

Siku ya silikoni, ule mpira wa tyubu wa kuzibia mianya, ndiyo iliyonivunja mbavu. Mwalimu alileta tyubu mbili, akazipitisha tunuse. Moja inanuka siki. Ni siki kweli: ikikauka inatoa asidi ile ile. Akaipaka kwenye kipande cha shaba, na baada ya siku chache pembeni mwake pakageuka kijani. Hata zinki ya bati inaliwa. Nikawaza mapaa yote ya kwetu yaliyozibwa misumari kwa tyubu ya siki, yangu ikiwemo, maana ndiyo ya bei nafuu dukani. Kumbe kuna aina isiyo na asidi. Na nyingine nisiyoitarajia: mpira wa silikoni unafukuza maji ya matone, lakini mvuke unapita. Ukiupaka juu ya kutu, kutu inaendelea kula chini kwa raha zake. Mahali pake penyewe ni kama kwenye vikombe vya nguzo za umeme pwani, vile vinavyoshikilia waya. Hata vumbi la chumvi likitanda juu, mafuta membamba ya silikoni hupanda yakalifunika, maji yakabaki matone badala ya kuwa utando wa kupitisha umeme. Zile cheche tulizokuwa tukizitazama utotoni kwenye nguzo za karibu na bahari, tukisema ni majini, zilikuwa chumvi na umande.

Lakini sikubali wanaosema sisi hatuna utamaduni wa kazi. Pale Sahare, Tanga, nimemwona fundi wa mashua akizungushia kila msumari pamba iliyoloa mafuta kabla ya kuupigilia, akakalafati, akapaka deheni, akasubiri. Hakuna aliyemharakisha, kwa sababu akikosea watu wanazama. Fundi wa geti halipwi kwa siku, analipwa kwa geti, na jioni watoto wanataka kula. Halafu kuna mteja, yaani mimi, niliyemkata shilingi elfu thelathini kwenye bei ya kwanza. Kwa bei hiyo nilitaka ausubiri umande kwa hisani?

Na huku si peponi. Mwenzangu mmoja wa Bangladesh ana mkono kuliko wote tuliokaa darasani, ila mtihani ni wa Kiingereza, basi ataendelea kushika bomba la mchanga. Hapo nyumbani tumewazidi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kumpima fundi wa mtaani kwa kazi yake na kumpa cheti, hata kama ujuzi aliupata gereji. Ningependa kipimo cha umande na kile kiraka cha chumvi vifike huko. Kazi zipo: bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, ng'ambo tu ya kwetu, na mabomba yake yalipelekwa kuvalishwa koti lake Sojo, Nzega. Bomba likishafukiwa litahitaji watu wa kulitunza.

Mwezi uliopita geti limeanza kutu tena. Safari hii nilituma hela ya siku mbili, nikamwambia mpwa wangu fundi asianze kabla ya saa tatu, na kwanza waoshe geti lote kwa maji yasiyo na chumvi, wasugue hadi kwenye kona. Mama akachukua simu. Alitaka kujua kama siku hizi Maskati mageti nayo yanaogeshwa, na bili ya maji atamtumia nani.