Kila Mtu Anajiuzulu Isipokuwa Mteja

Basi bosi wa umeme huku Afrika Kusini kaondoka. André de Ruyter alishatuaga tangu Desemba 2022, akasema atavumilia mpaka mwisho wa Machi ili wapate wa kumrithi. Februari 2023, Jumanne usiku, kakaa kwenye televisheni, kafunguka: pale Eskom, shirika la umeme la serikali, inaibwa randi bilioni 1 kila mwezi, na kwenye mitambo ya mkoa wa Mpumalanga kuna magenge manne, kila moja na himaya yake. Jumatano bodi ikamwambia usijichoshe, baba, hiyo Machi tutaimalizia wenyewe. Na Jumatano hiyohiyo waziri wa fedha akasoma bajeti, serikali ikaibebea Eskom deni la randi bilioni 254. Yote nimeyasikia kwenye redio ya betri, maana tulikuwa steji ya sita ya mgao wa umeme, na steji ya sita mnaijua wenyewe.

Sina ugomvi na de Ruyter. Mtu aliyefikia kuvaa fulana ya kuzuia risasi ili mimi nichemshe chai anastahili kupumzika. Ninachomwonea gere ni barua. Yeye kaandika barua, ikapokelewa, kaenda zake. Mimi nikitaka kujiuzulu uteja, barua nampelekea nani? Mabosi wanaingia na kutoka, mimi nipo palepale nanunua tokeni, na kuanzia Aprili 2023 bei ikapanda asilimia 18.65. Bajeti ilinikumbuka lakini: ukifunga paneli za jua juu ya paa mwaka huo ulikuwa unarudishiwa kodi. Paa! Mimi nakaa ghorofa ya tatu chumba cha kupanga, juu yangu kuna Mnaijeria, na juu ya Mnaijeria kuna watu ambao hata hatusalimiani.

Ile habari ya kahawa ndiyo iliyonivunja nguvu. Mzee de Ruyter anasema alikunywa kahawa ofisini kwake Megawatt Park, mara tu baada ya kupeleka barua ya kuacha kazi, akaanguka taabani, na vipimo vikaonyesha sumu ya sayanidi. Mimi mtu wa Tanga. Kwetu kahawa ndiyo kikao chenyewe. Toka stori hiyo itoke, mshikaji wetu anayeuza kahawa chungu hapa kona anateseka, kila mteja anamwambia onja wewe kwanza. Ikifika jioni macho yamemtoka, halali mpaka alfajiri.

Na wizi wenyewe hauna hata haya. Vikinga magoti, vile vya fundi anayepiga magoti chini, jozi moja imenunuliwa randi 80,000. Kwa bei hiyo goti lenyewe ningewauzia. Malori yanapakia makaa ya mawe mazuri mgodini, njiani yanachepuka, makaa yanabaki kwa wajanja na mtamboni yanafika mawe. Halafu tulikuwa tunashangaa mtambo wa Kusile hauwaki.

Lakini wakubwa niwaache, maana jengo letu hapa Yeoville, Johannesburg, lina Eskom yake. Tulichanga tukanunua jenereta la mtumba, tukaunda kamati. Mwenyekiti Gogo wa ghorofa ya kwanza, bibi wa Kizulu ambaye hata mwenye jengo akimwona anavua kofia. Katibu nikawa mimi, kwa kuwa nilikutwa na kalamu. Mhazini akawa Papa, Mkongomani wa Lubumbashi, mtu wa suti, suruali yake ina mstari wa pasi hata wiki ambayo umeme haukuonekana kabisa. Hapo ndipo tulipaswa kujiuliza, lakini tukamsifia utanashati.

Mwanzoni jenereta lilikuwa linaunguruma mgao wote. Baadaye likawa linaunguruma nusu. Baadaye likawa linakohoa tu, linazima, na ukilinusa unapata harufu ya mafuta ya taa. Michango ikapanda. Gogo akaitisha kikao kwenye ngazi, gizani, kila mtu na tochi ya simu, yeye na mshumaa wake. Tukafungua kwa sala, sala yenyewe ndefu, simu tatu zikazima chaji kabla ya amina.

Papa akafungua daftari. Dizeli, sawa. Usafiri wa dizeli. Kituo cha mafuta kiko ng'ambo ya barabara, ukipiga chafya dirishani kwangu muuza mafuta anakuombea afya. Mlinzi wa dizeli. Chakula cha mlinzi wa dizeli. Faneli, randi 400.

Nikasema, Papa, faneli gani randi 400?

"Katibu, ile ni faneli ya Ulaya. Haiko ya Chine."

Iko wapi?

"Iliibiwa."

Na mlinzi alikuwa wapi?

"Alikuwa anakula."

Kidogo nicheke, lakini Gogo hakucheka. Aliuliza swali moja tu kwa Kizulu, na hata sisi tusiojua Kizulu tulilielewa. Papa akasimama. Akafunga kifungo cha koti, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa vizuri. Barua! Kumbe mtu alikuja nayo. Akasoma kwa Kifaransa, halafu akajitafsiria, kwamba katika jengo hili kuna hujuma, kuna mikono isiyopenda mwanga, ameitumikia jumuiya kwa jasho, na sasa kwa ajili ya utulivu wa nchi anatoka. Nchi! Jengo lina ghorofa tano na lifti iliyokufa. Gogo, ambaye roho yake nzuri, akamwambia kaa kwanza unywe chai. Papa akarudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. "Hapana, Mama. Chai ya hii nyumba mi sinywi tena."

Nikaandika kwenye muhtasari: mhazini amejiuzulu.

Papa akaja kuchungulia. "Katibu, futa. Mi sikujiuzulu. Mi nimestaafu."

Kuna tofauti gani?

"Anayestaafu analipwa."

Na akatoa ushahidi, jamani. Akasema muangalie Brian Molefe. Na kweli, huwezi kumbishia. Molefe alikuwa bosi wa Eskom, mwaka 2016 ripoti ya Thuli Madonsela, mlinzi wa maslahi ya umma, ikaonyesha simu yake ilinaswa mara 19 maeneo ya Saxonwold, jirani na kwa akina Gupta, wale matajiri waliotuhumiwa kuiweka serikali mfukoni. Akalia mbele ya waandishi, akasema kule kuna kilabu cha pombe, shebini, ingawa hakusema wazi kama alikuwa anaenda kunywa. Saxonwold! Mtaa wa majumba ya kuta ndefu. Watu wakaitafuta hiyo shebini mji mzima. Mwezi huohuo akatangaza anaondoka. Mwaka uliofuata akapita bungeni, akarudi Eskom, akasema yeye hakujiuzulu, aliomba kustaafu mapema, na kiinua mgongo chake ni randi milioni 30. Kazini alikaa muda usiofika hata miaka miwili. Mahakama ya Pretoria ikakataa mwaka 2018, ikaamuru arudishe alichopokea, lakini Papa hiyo sehemu ya mahakama aliiruka.

Alichodai Papa ni betri ya jenereta na vidumu viwili. Mnaijeria akasema tupige kura. Dada wa ghorofa ya nne akasema kabla ya kura arudishe faneli. Mimi nikaeleza, kwa heshima, kwamba kwetu Tanzania mambo haya hayana makelele: uteuzi unatenguliwa, tangazo linasema utapangiwa kazi nyingine, unaenda nyumbani kusubiri simu. Papa akavutiwa sana. Akauliza hiyo kazi nyingine ni ipi. Gogo akainua mkono wa kura. Mikono ikaanza kupanda, nahesabu, moja, mbili, tatu…

Umeme ukarudi.

Sijawahi kuona kikao kinavunjika namna ile. Watu walipanda ngazi kama wanafukuzwa na polisi, huyu na simu, huyu na ndoo ya nguo, mama mmoja na sufuria ya maharage mabichi, hata Gogo alinipita na mshumaa wake bado unawaka. Nilibaki mimi na Papa. Akaniangalia, akalichukua daftari lake taratibu, akasema, "Katibu, kura haikufika." Ndiyo maana mpaka leo ni mhazini. Na mchango umepanda tena.

Unacheka, halafu unakaa unafikiri. Mimi kinyozi. Mashine ikizima kichwani mwa mtu, yeye anaondoka na hasira, mimi nabaki na kodi ya kiti, na kodi ya kiti haina steji. Hapa chini kuna mama anauza kuku, friji ikizima wanaoza, anawatupa. Watoto wanasoma na mishumaa kwenye jengo ambalo likishika moto hakuna pa kukimbilia. Bilioni moja kwa mwezi! Kila randi ya hiyo imetoka kwa mtu aliyekwenda dukani na noti iliyokunjamana, akapewa namba ishirini kwenye kikaratasi, akazibonyeza, akashukuru. Mimi naomba kujua tu, hao wanaoiba umeme, kwao mgao ukifika wanakaa gizani na sisi, au wana faneli ya Ulaya?

Juzi tena mpwa wangu kanitumia ujumbe wa sauti kutoka Tanga. Dakika nane. Dakika saba salamu, na wote wazima isipokuwa mbuzi. Anasema huko nako walikuwa kwenye mgao tangu mwishoni mwa mwaka, mabwawa yamekauka, kazi ya saluni haiendi, mjomba nitumie nauli nije Sauzi nikanyoe na wewe, maana huko ni Ulaya ndogo, umeme haukatiki. Nimemjibu kwa maandishi, kwa upole, kwamba nauli ninayo ila iko kwa mhazini.