Foleni ya sailensa Marekani, foleni ya bunduki Kenya

Walioko nyumbani Kenya wakisikia kwamba Texas au Ohio mtu anaweza kuingia dukani na kutoka na bunduki siku hiyohiyo, hudhani silaha zote huku Marekani huuzwa hivyo. Sivyo. Tangu 1934 kuna sheria ya serikali kuu, NFA, inayoviweka vitu fulani upande wake: bunduki za rashasha, bunduki za bega zenye mtutu usiofika inchi 16, shotgani zisizofika inchi 18, vilipuzi, na sailensa, yaani kifaa cha kupunguza sauti ya bunduki. Hivi havitoki dukani mpaka ATF, shirika la serikali kuu linalosimamia silaha, liidhinishe jina lako pamoja na namba ya kifaa chenyewe. Umeshalipa, risiti unayo, lakini kifaa kimelala kwenye sefu ya muuzaji.

Nimeona Wakenya wa huku wakigawanyika makundi mawili juu ya jambo hili. Wapo wanaoona Marekani wamelegea mno, na wapo wanaotaka Nairobi iige kila kitu. Mimi siko na kundi lolote. Cha kuigwa huku ni namna foleni inavyoendeshwa. Swali ambalo polisi wa Kenya humuuliza mwombaji, "ya nini?", ni swali zuri na lisiguswe.

Ukinunua sailensa, fomu inayokuhusu ni Fomu 4. Siku hizi karibu kila mtu huipeleka kwa njia ya mtandao kupitia mfumo wa eForms, wala si wewe unayeianzisha, ni duka. Duka lenyewe haliwezi kuianzisha kabla kifaa hakijaandikishwa kwa jina lake. Kama bado kiko kwa muuzaji wa jimbo jingine, Fomu 3 ya kukihamisha kutoka duka hadi duka lazima ipite kwanza. Hapo wengi hukosea hesabu: wanaanza kuhesabu siku tangu walipolipa, kumbe ombi lao halijafika popote. Muulize muuzaji swali moja tu: kifaa kiko mikononi mwako leo?

Wewe unatoa picha ya inchi 2 kwa 2 iliyopigwa ndani ya mwaka mmoja, alama za vidole, na saini ya kielektroniki kwa akaunti yako mwenyewe ya eForms. Alama zikiwa kwenye faili la kompyuta huenda papo hapo. Zikiwa kwenye kadi za FD-258 zinahitajika mbili, na zitumwe kwa posta ndani ya siku 10 za kazi tangu ombi lilipopelekwa. Nakala ya fomu unampelekea mkuu wa polisi wa eneo lako au sherifu. Zamani ilibidi atie saini, na wengine walikataa tu kwa kuwa hawapendi silaha. Tangu Julai 2016 anaarifiwa, haombwi ruhusa.

Sasa tuje kwenye yanayowaangusha watu wetu hasa, nayo ni majina na tarehe. Pasipoti ya Kenya ina majina matatu, grinikadi ina mawili yaliyounganishwa, na leseni ya udereva imeacha la katikati. Mashine ya FBI inayochunguza rekodi za waombaji haijui kwamba hao ni mtu mmoja. Andika jina kama lilivyo kwenye leseni ya udereva na grinikadi, na kama hizo mbili hazikubaliani, sahihisha moja kabla ya kununua chochote. Kadi ya alama za vidole ina nafasi ya majina mengine. Itumie, usiione aibu. Tarehe nazo: huku mwezi hutangulia siku, kwa hiyo aliyezaliwa 3 Julai akiandika 03/07 amejifanya mtu wa Machi. Waliopitia kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma wana mzigo zaidi, kwa kuwa wengi waliandikiwa 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa. Wanaume wangapi huku wanaitwa Mohamed Abdi Hassan waliozaliwa 1 Januari? Uchunguzi wa rekodi zako hunasa kwa mwingine mwenye jina hilo, unabaki wazi, na FBI hairuhusiwi kuliweka faili lililo wazi kupita siku 90. Likifutwa, ombi linaweza kurudi limekataliwa bila wewe kuwa na kosa lolote. Dawa yake ni kuomba FBI ikupe namba ya utambulisho iitwayo UPIN, ambayo huhifadhiwa kwa hiari yako na kuandikwa kwenye fomu za baadaye. Omba kabla ya kununua.

Hadhi ya uhamiaji ndiyo hatari kubwa zaidi. Mwenye grinikadi anaruhusiwa, hata kama aliipata kwa bahati nasibu ya visa. Mwanafunzi wa visa ya F-1 au mfanyakazi wa visa ya H-1B kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha wala risasi, isipokuwa awe ndani ya vighairi vichache vya sheria, kama kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Usimsikilize muuzaji anayekwambia jaza tu. Mwenye grinikadi naye aandike Kenya mahali pa uraia. Kujidai raia wa Marekani kwenye fomu ya serikali ni kosa linaloweza kufunga mlango wa uraia wenyewe. Kosa la silaha likithibitishwa mahakamani ni sababu ya kufukuzwa nchini. Kukaa na sailensa isiyoandikishwa kunaweza kukupeleka jela miaka 10, na ukitoka huko maafisa wa uhamiaji wanakusubiri.

Halafu miraa. Kule Meru ni zao la biashara, lakini kathinoni iliyomo kwenye majani mabichi Marekani imo katika kundi moja na heroini. Fomu inauliza kama unatumia dawa zilizodhibitiwa, na bangi nayo imo kwenye swali hilo hata pale jimbo lako linapoiuza dukani kwa leseni. Anayetafuna kila Ijumaa na kujibu "hapana" ametoa uongo chini ya kiapo.

Kodi ilikuwa dola 200 tangu 1934, haikupandishwa wala kushushwa, na wakati huo ilikuwa fedha ya kumkimbiza mtu wa kawaida. Kwa sheria iliyotiwa saini 4 Julai 2025, sailensa na bunduki zenye mtutu mfupi hazitozwi tena kuanzia 1 Januari 2026. Rashasha na vilipuzi bado ni dola 200. Uandikishaji wenyewe haukuondolewa, na vidole na picha ni vilevile. Kuhusu muda, enzi za karatasi kusubiri miezi minane hadi mwaka na zaidi lilikuwa jambo la kawaida. Mfumo wa mtandao ulipofunguliwa upya kwa Fomu 4 mwishoni mwa 2021 mambo yalianza kubadilika, na kufikia 2024 maombi ya mtu binafsi yalikuwa yanapita kwa siku. Kodi ikiondoka wanunuzi huongezeka, kwa hiyo usipange safari ya kuwinda kwa kutegemea kasi aliyoipata mwenzako.

Kenya njia ni nyingine kabisa. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, unaanza kituo cha polisi cha kwenu. Cheti cha maadili mema unakiomba kwenye tovuti ya serikali, eCitizen, kwa shilingi 1,050, unachapisha fomu ya C24, na vidole unapigwa Huduma Centre au makao makuu ya idara ya upelelezi, DCI, Kiambu Road. Faili linapitia maafisa wa usalama wa eneo kabla ya kufika Bodi ya Leseni za Silaha. Lazima uonyeshe sababu: fedha za biashara, mifugo, vitisho vilivyoripotiwa. Cheti kikitoka kinataja silaha na idadi ya risasi, na kila mwaka unakihuisha. Desemba 2018 serikali iliwaita wenye leseni wote wahakikiwe upya. Huku Marekani, ATF ikikuidhinisha imemaliza. Hakuna kuhuisha, na ukifa mrithi hutumia Fomu 5 bila kodi.

Ukali huo wa Kenya naukubali. Nisichokubali ni faili kukaa kimya ofisini, pasipo mtu anayejua liko meza ipi, mpaka mwombaji atafute "mtu wa ndani". Hapo ndipo chai inapoingia. Huku hali ya ombi unaiona kwenye akaunti yako, na likikataliwa sababu huandikwa, hivyo una kitu cha kukatia rufaa. Nchi ambayo imeweza kuweka cheti cha maadili kwenye simu haishindwi kuonyesha faili la leseni liko hatua gani, na kumwandikia aliyekataliwa amekataliwa kwa nini.

Ombi lako la sailensa likipita, bado kuna mipaka. California, New York, Illinois, New Jersey, Massachusetts, Delaware, Rhode Island na Hawaii haziruhusu sailensa kwa raia wa kawaida, na idhini ya ATF haibadilishi hilo ukihamia huko kikazi. Ukiiandikisha kwa jina lako peke yako, mkeo asiwe na funguo ya sefu. Mkitaka kuitumia wote, andikisheni kwa jina la trasti, yaani amana ya kisheria yenye wahusika kadhaa, ambapo kila mhusika hupeleka picha na vidole vyake. Tena msiiweke kwenye sanduku la safari ya Desemba ya kwenda nyumbani. Kuitoa Marekani kunataka kibali cha Wizara ya Mambo ya Nje ya huku, na sheria ya Kenya inakihesabu kifaa cha kupunguza sauti kuwa ni silaha. Ukinaswa nacho uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, karatasi ya ATF haitakusaidia kitu.